Mabepari wa Fasihi

Chini ya kitanda changu hosteli kuna boksi lenye nakala 23 za kijitabu nilichokiandika mwenyewe. Kina kurasa 38, maswali 40 na majibu 40 kuhusu tamthilia ya Shakespeare, The Merchant of Venice. Nilikichapisha Barabara ya Nasser hapa Kampala, nikakiuza shilingi 10,000 kila nakala kwa wanafunzi wa kidato cha sita waliokuwa wakijiandaa kwa mtihani wa UACE. Wanafunzi wenzangu na wahadhiri wetu, naandika makala haya kueleza kwa nini nimeacha kukiuza, na kwa nini naona kila mmoja wetu anayeuza vijitabu vya aina hiyo anapaswa kuacha. Najua wengi wenu mnaviuza. Kuna hata waliokinunua changu wakakinakili, na hilo nitalieleza mbele.

Hoja yangu ni moja. Anayempa mwanafunzi majibu kuhusu kitabu ambacho mwanafunzi huyo hajakisoma hamfundishi fasihi. Anamuuzia njia ya kuikwepa. Nasi tunaosomea Kiswahili tuna sababu ya kulifikiria jambo hili kuliko wengine, kwa maana muda si mrefu tutaombwa kuandika vijitabu hivyo hivyo kwa ajili ya fasihi ya Kiswahili.

Kwa msomaji aliye nje ya Uganda, nieleze kwa ufupi. Mwanafunzi wa kidato cha tano na cha sita huchukua masomo makuu matatu. Alama ya A katika somo kuu ina pointi 6, B pointi 5, C pointi 4, D pointi 3, E pointi 2 na O pointi 1. Fasihi ya Kiingereza, ambayo mimi huifundisha, ina karatasi tatu. Ya kwanza ni ya nathari na ushairi ambao mtahiniwa hajapata kuuona. Ya pili ni ya tamthilia, na Shakespeare hakosi humo. Ya tatu ni ya riwaya. Nafasi za kulipiwa na serikali chuo kikuu ni chache na waombaji ni wengi. Pointi moja inaweza kuwatenganisha mtoto anayelipiwa ada na serikali na mtoto ambaye baba yake atauza ng'ombe. Kwa hiyo sishangai wazazi wakihangaika, wala sitawacheka.

Hapo ndipo sisi tunapoingia. Tuisheni, ambayo hapa kwetu watu huiita kochingi, hufanyika likizoni na mwisho wa juma: sebuleni, kwenye gereji, kwenye makanisa yaliyo matupu siku za kazi. Wizara ya Elimu imekwisha kupiga marufuku masomo ya likizo zaidi ya mara moja, nayo yamehamia tu kwenye nyumba ambako wakaguzi hawafiki. Mimi sipingi tuisheni yenyewe. Bila tuisheni nisingeweza kulipa hosteli. Nilianza nikiwa mwaka wa kwanza, wakati wa likizo ya muhula wa pili, miezi michache kabla ya mtihani. Nilikuwa na wanafunzi 12 katika sebule ya nyumba moja huko Kireka, kila mmoja akilipa shilingi 5,000 kwa siku.

Siku ya kwanza niliwauliza wanataka tufanye nini. Hakuna aliyesema anataka tuisome tamthilia. Walitaka niwabashirie maswali yatakayokuja, kisha niwape majibu yake. Nami nilikuwa nimetoka kidato cha sita juzijuzi tu, nilijua biashara inavyokwenda. Nilikaa usiku tatu mfululizo nikakiandika kijitabu. Nilitumia vijitabu viwili vya watu wengine, daftari langu la zamani na mambo niliyoyaokota kwenye intaneti. Tamthilia yenyewe nilikuwa nayo mezani, lakini niliifungua mara chache sana. Nilikuwa na haraka.

Sasa nieleze niliyoyaona, kwa sababu sipendi kulaumu jambo kwa maneno matupu.

La kwanza. Palikuwa na msichana mmoja mwenye bidii sana. Alinunua kijitabu changu Jumatatu, na Ijumaa alikuwa amekwisha kukariri sifa 14 za Shylock kwa mpangilio: mchoyo, mwenye kisasi, mnafiki, baba mkali, na kuendelea. Kila sifa aliifuatisha na maelezo yake neno kwa neno kama nilivyoyaandika. Nilifurahi. Kisha, kwa kutaka tu kumsikia akiendelea, nikamuuliza Jessica ana hisia gani juu ya baba yake. Akanitazama. Akaniuliza Jessica yumo katika kitabu chetu au katika kile cha Karatasi ya tatu. Alikuwa ameshika kwamba Shylock ni baba mkali, ilikuwa hoja namba saba, lakini hakujua ana binti. Hakujua kwamba binti huyo anatoroka usiku na mchumba wake, na kwamba anaondoka na fedha na vito vya nyumba. Sikuona makosa yake hata kidogo. Mimi ndiye niliyemwandikia sifa bila kumpa mtu mwenye sifa hizo.

La pili ni baya zaidi. Katika ukurasa wa nne wa kijitabu changu niliandika kwamba Antonio anakopa ducati 3,000 kwa miezi sita. Yeyote aliyeisoma tamthilia anajua ni miezi mitatu. Nilikosea kwa sababu niliandika usiku wa manane na sikurudi kuangalia. Katika mtihani wa majaribio shuleni kwao, mwalimu alisahihisha karatasi 12 za wanafunzi wangu, na 11 zilisema miezi sita. Yule mmoja aliyebaki hakutaja muda. Mwalimu huyo aliwauliza wanasoma wapi likizoni, na mmoja wao akaja kuniambia. Niliona aibu, nikasahihisha nakala zilizobaki kwa kalamu. Mwaka uliofuata rafiki yangu mmoja wa darasani, anayetoka mji mwingine mbali na Kampala, aliniletea kijitabu kilichokuwa kikiuzwa kwao, chenye jalada jingine na jina la mwandishi mwingine. Nikakifungua. Antonio alikuwa amekopa kwa miezi sita.

Fikirini jambo hilo. Kosa langu lilisafiri maili nyingi, likabadilishiwa jalada, likauzwa kwa watoto nisiowajua, na njiani halikukutana na msomaji hata mmoja wa kulisimamisha. Si aliyelinakili aliyeisoma tamthilia, wala si walionunua. Kosa kama hilo lingekufa siku ya kwanza katika darasa la watu watano waliosoma kurasa chache za mwanzo.

La tatu linahusu ushairi. Karatasi ya kwanza haibashiriki, maana hakuna ajuaye shairi litakaloletwa. Ungetarajia kwamba hapo angalau tungelazimika kufundisha kusoma. Wapi! Tuliwapa orodha ya tamathali za usemi na sentensi ya kufungulia, ile inayosema kwamba mshairi ametumia mbinu mbalimbali kuwasilisha ujumbe wake kwa ufanisi. Siku moja niliandika shairi fupi la Kiingereza, la mistari 16, kuhusu mama muuza mihogo anayemzungusha afisa wa jiji aliyekuja kumfukuza. Anamsifia, anamuonjesha, anamsimulia habari za ukoo wao mpaka afisa anasahau lililomleta na kuondoka na mihogo mkononi aliyoilipia bei ya juu. Lilikuwa shairi la kuchekesha. Niliwapa bila kuwaambia mtunzi ni nani. Wote 12 waliandika kwamba toni ya shairi ni ya huzuni. Tisa walianza kwa sentensi ile ile. Nilipowauliza huzuni wameiona wapi, mmoja akanijibu kwa adabu kabisa: "Mwalimu, shairi likiwa na maskini, toni huwa ya huzuni. Uliandika." Nilikwenda kuangalia. Kweli niliandika.

Watoto wale hawakuwa wajinga. Walipoona nacheka walilisoma tena, taratibu, nao wakaanza kucheka mmoja baada ya mwingine. Mmoja alisema mama huyo ni kama shangazi yake wa sokoni. Uwezo wa kusoma walikuwa nao. Kijitabu changu kilikuwa kimewafundisha kutoutumia.

Mwaka wa pili nilibadilisha mambo, ingawa si kwa busara zangu. Nilikuwa nimeazima maktabani Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere iliyotoka mwaka 1969, kwa ajili ya kazi ya somo letu la tafsiri. Nilikuwa nayo kwenye mkoba nilipokwenda kufundisha. Kijana mmoja katika kundi jipya, aliyekuwa akisoma Kiswahili pia, aliiona juu ya meza, akasoma jalada, akasema: "Mwalimu, huyu amekosea. Kitabu chetu kina mfanyabiashara mmoja. Hapa ni mabepari, tena wengi."

Nilitaka kumjibu haraka. Nilikuwa na jibu la darasani kuhusu mfasiri na zama zake: Azimio la Arusha lilitangazwa mwaka 1967, tafsiri ikatoka miaka miwili baadaye, na neno bepari lilikuwa na uzito wake Tanzania wakati huo. Lakini nikaona nikisema hivyo nitakuwa nimeandika ukurasa mwingine wa kijitabu. Nikamwambia: "Basi mfungulie kesi. Ingia ndani ya tamthilia ututhibitishie kwamba bepari ni mmoja." Nikawagawa wengine watafute ushahidi wa upande wa pili.

Tulikaa saa tatu. Walitumia nakala mbili za shule na moja yangu, vichwa vinne juu ya kitabu kimoja. Msichana mmoja aligundua kwamba Bassanio anapomtaja Portia kwa mara ya kwanza anaanza na urithi wake, uzuri wake unafuata baadaye. Akasema, "Huyu naye anafanya biashara." Mwingine akaleta lile tukio la mahakamani ambapo Portia, akiwa amevaa kama mwanasheria, anaingia na kuuliza yupi ndiye mfanyabiashara na yupi ndiye Myahudi. Akauliza: kama Antonio na Shylock wako mbali hivyo kitabia, inawezekanaje mtu mwerevu kama Portia aulize? Kisha yule yule kijana aliyedai kwamba Nyerere amekosea akanyamaza kidogo, akasoma tena, akasema amepata kitu ambacho hakipendi kwa sababu kinamvunjia kesi. Shylock anawaambia waheshimiwa wa Venisi kwamba wao wenyewe wana watumwa waliowanunua, wanaowatumikisha kama punda na mbwa, na hakuna anayewaambia wawaachie huru. Naye nyama anayoidai ameinunua vivyo hivyo.

Kijana akasema: "Kwa hiyo mahakama nzima ni ya wanunuzi." Wenzake wakapiga kelele. Hakuna sentensi kama hiyo katika kurasa 38 nilizoziandika, wala katika vijitabu viwili nilivyovinakili. Tulibishana kwa Kiingereza, maana ndicho cha mtihani, lakini mlango tulifunguliwa na neno moja la Kiswahili. Sisemi kwamba tafsiri hiyo ina neno la mwisho; kijana mwingine alishikilia hadi mwisho kwamba Antonio hafai kuitwa bepari kwa kuwa anakopesha bila riba, na alikuwa na kurasa zake za kuonyesha. Nilifurahi kwamba walikuwa na la kubishania, na kwamba kila aliyebisha alilazimika kutaja ukurasa.

Nilirudi hosteli nikalitazama boksi langu. Nilijua mimi ndiye bepari.

Sasa nije kwenye pingamizi, maana nimezisikia zote, na baadhi zina uzito.

Wanasema kwanza: wazazi wanalipia pointi. Ni kweli, nami niliadhibiwa kwa kusahau hilo. Nilipowatangazia wanafunzi wa kundi lile la pili kwamba sitatoa kijitabu na kwamba tutasoma tamthilia yote kwa sauti, kundi lilishuka kutoka 12 hadi watano. Matokeo yalipotoka, mama wa mmoja wa hao watano alinipigia simu. Binti yake alikuwa amepata C. Mtoto wa jirani aliyesoma kwa kijitabu alikuwa amepata B. "Mwanangu," aliniambia, "mimi sikukulipa mtoto wangu akasome hadithi. Ungempa majibu kama wenzake." Sikuwa na la kumwambia zaidi ya pole. Siwezi kusema hapa kwamba njia yangu inaleta A, kwa sababu haikuleta. Watano wangu walipata B wawili, C wawili na D mmoja. Lakini nililinganisha na wale 12 wa mwaka uliotangulia, waliokariri kurasa zangu zote. Nao walikuwa na B chache, C nyingi, D kadhaa. Kwa hiyo hata hizo pointi tunazodai kuuza hatuna hakika nazo. Tunachouza hasa ni utulivu wa moyo: mzazi anamwona mtoto ameshika kitu mkononi, anakariri, anadhani kazi inafanyika.

Wanasema pili: hakuna vitabu. Hii ndiyo pingamizi ninayoiheshimu kuliko zote. Katika shule niliyosoma mimi tulikuwa wanafunzi 15 kwa nakala moja ya riwaya, na nakala hiyo haikuwa na kurasa za mwisho. Kwa mtoto wa shule kama hiyo, kijitabu cha shilingi 10,000 ndicho kitabu pekee atakachokimiliki. Mtu akikivunja kijitabu hicho bila kumpa kingine, anamwonea. Lakini tazameni hesabu. Shakespeare alifariki mwaka 1616. Kazi zake hazina mwenye haki ya kudai malipo, na maandishi yake yapo bure kwenye intaneti. Kwa fedha nilizotumia kuchapisha majibu yangu yenye makosa ningeweza kuchapisha tamthilia yenyewe kwa herufi ndogo na kuiuza kwa faida ile ile. Kwa nini sikufanya hivyo? Kwa sababu tamthilia yenyewe haihitaji jina langu kwenye jalada. Kwa riwaya za waandishi walio hai njia hiyo haifai, kwa maana hiyo ni jasho la watu. Hapo ninachojua ni kusoma kwa sauti. Nakala moja inatosha watu 15 kama kuna mmoja anayesoma na wengine wanasikiliza, na sisi watu wa Afrika ya Mashariki tusijifanye kwamba kusikiliza hadithi ni jambo geni.

Wanasema tatu: hata wewe ulipita kwa vijitabu. Ndiyo. Ndiyo maana nilipofika mwaka wa kwanza chuoni nilipewa riwaya nisome kwa wiki mbili, nikaanza kutafuta kijitabu chake. Sikukipata, nikaingia kwenye semina nikiwa sijasoma ukurasa. Mhadhiri aliuliza swali, darasa la watu 60 likanyamaza kimya. Hatukuwa na haya wala uchovu. Hatukuwa tumesoma, kwa sababu tulikuwa tumefika chuo kikuu kwenye somo la fasihi bila kuzoea kumaliza kitabu.

Na hapo, wahadhiri wetu, kwa heshima yote, sitawaruka. Biashara hii tulijifunza shuleni, lakini chuoni haikuvunjwa. Tunapewa muhtasari wa kurasa 20, tunautoa fotokopi kibandani nje ya lango, na swali la mtihani linatoka humo humo. Mwanafunzi anayesoma riwaya nzima na mwanafunzi anayesoma muhtasari hukaa chumba kimoja cha mtihani, na mara nyingi wa muhtasari hutoka mapema. Mkitaka tuache kuuza vijitabu kwa wadogo zetu, msitulee kwa vijitabu.

Nimesema kwamba jambo hili linatuhusu sisi wa Kiswahili zaidi. Mwezi Julai mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilipitisha kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika ya Mashariki hapa nchini, na likapendekeza kifundishwe kwa lazima na kutahiniwa katika shule za msingi na sekondari. Utekelezaji una safari ndefu. Walimu hawatoshi, vitabu hawatoshi kuvinunua. Lakini sote tunaosoma makala haya tunajua maana yake kwetu: kazi. Watoto wa nchi hii watakuja kusoma riwaya na tamthilia za Kiswahili, wengi wao wakiwa hawana mtu nyumbani wa kuwasomea. Watatafuta msaada, na msaada ni sisi.

Tutawapa nini? Majirani zetu wa Kenya na Tanzania wana miongozo ya vitabu teule tele madukani, na baadhi imeandikwa na watu makini. Lakini sisi sote tunajua jinsi inavyoweza kutumika. Utaratibu wetu wa kuhakiki kwa fani na maudhui, ambao ulikusudiwa kumsaidia msomaji apange aliyoyaona, unageuka kwa urahisi kuwa rafu za duka: dhamira tano, ujumbe mitano, wahusika na sifa zao, tamathali na mifano yake. Mtu anaweza kuzijaza rafu hizo zote kuhusu riwaya ya Shaaban Robert bila kuifungua. Nimeona ikifanyika, katika darasa letu wenyewe, nami nimewahi kuifanya. Kiingereza hapa Uganda kina vizazi kadhaa vya wasomaji. Kimevumilia vijitabu na hakijafa. Fasihi ya Kiswahili kwetu bado ni mche. Mtoto wa Soroti au Kabale atakayekutana nayo kwa mara ya kwanza kama orodha ya sifa za wahusika atakuwa na sababu nzuri ya kuichukia, na kesho yake atakapokuwa mzazi au waziri ataikumbuka kwa chuki hiyo.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne, na kila moja nimelijaribu.

Kwanza, mwanafunzi asipewe maandishi yoyote kuhusu kitabu kabla kitabu hakijasomwa hadi mwisho. The Merchant of Venice tuliisoma yote kwa sauti, kwa kugawana wahusika, katika alasiri nne. Hakuna anayeweza kuniambia kwamba muda hautoshi, maana nilitumia alasiri tisa kuwakaririsha kijitabu.

Pili, maswali yaandikwe na wanafunzi. Kila mmoja alete swali moja ambalo yeye mwenyewe hana jibu lake. Swali la kijana yule kuhusu jalada la Nyerere lilifanya kazi kuliko maswali yangu 40.

Tatu, kila hoja iwe na ukurasa wake. Anayesema Shylock ana kisasi atuonyeshe mahali. Ni sheria ndogo, lakini inaua sifa za kukariri ndani ya siku mbili.

Nne, tulipwe. Sisemi tufundishe bure. Tuna ada na tumbo. Shilingi 5,000 kwa siku ni halali kwa mtu aliyekaa na watoto alasiri nzima akiwasikiliza wakisoma. Tulipwe kwa kazi hiyo, tusilipwe kwa karatasi.

Mwenye kupinga na anijibu katika mkusanyo ujao. Nitafurahi kusahihishwa, hasa na anayejua namna ya kumjibu yule mama wa simu kuliko nilivyomjibu mimi. Mwaka huu nina wanafunzi saba, na miongoni mwao ni mdogo wake yule msichana aliyepata C. Mama yao ndiye aliyemleta. Sikumuuliza sababu, naye hakunieleza. Aliniambia tu kwamba dada mtu angali anaisimulia ile tamthilia jikoni, na kwamba safari hii nijitahidi ipatikane B.